Uraia, Ukaazi na Namba ya Mlipakodi: Historia ya Kadi ya PAN kwa Wahindi Waishio Ughaibuni, 1972–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya namba ya mlipakodi ya India, ijulikanayo kwa kifupisho cha PAN, kwa kuwaangalia watu ambao hawakuwa wakifikiriwa ilipoanzishwa mwaka 1972: Wahindi na watu wenye asili ya India waishio nje ya nchi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba usumbufu wa waombaji wa ughaibuni ulitokana zaidi na kasoro ya muundo kuliko uzembe wa maofisa. Sheria ya kodi ya India humuuliza mtu anaishi wapi. Fomu ya maombi humuuliza ni raia wa nchi gani. Na daftari la namba, kwa miongo mingi, halikutunza kwa uhakika jibu la swali lolote kati ya hayo mawili. Matokeo yake yalidhihirika Julai 2023, pale namba za watu waliosamehewa na sheria ziliposimamishwa. Makala yanahitimisha kwa kuonesha yale ambayo mamlaka za mapato za Afrika Mashariki zinaweza kujifunza.

1.0 Utangulizi

Historia ya Wahindi walio nje ya India imeandikwa zaidi kwa kufuata meli, reli, maduka na siasa za uraia. Karatasi ndogo ndogo zinazomfunga mhamaji na mali aliyoiacha nyumbani hazijapewa uzito unaostahili. Hata hivyo, ni karatasi hizo zinazoamua kama mtoto aliyezaliwa Mombasa au Leicester ataweza kuuza nyumba aliyoachiwa na babu yake Jamnagar, kama kodi iliyokatwa kupita kiasi itarejeshwa, na kama akaunti ya benki ya marehemu itafunguliwa kwa warithi wake.

Kati ya karatasi hizo, kadi ya PAN ndiyo iliyopanuka kimatumizi kuliko zote. Jina lake kamili lina maana ya Namba ya Kudumu ya Akaunti. Ilianza kama chombo cha ndani cha Idara ya Kodi ya Mapato. Baada ya nusu karne imekuwa sharti la kununua na kuuza ardhi, kufungua akaunti za aina nyingi, na kuingia katika soko la hisa. Kwa aishiye India, upanuzi huo ulimwongezea kadi moja mfukoni. Kwa aishiye nje, ulimwekea mlango ambao hapo awali haukuwapo, na ufunguo wake ulitolewa kwa masharti yaliyoandikwa kwa kumfikiria mtu mwingine.

Makala yanaanza na chimbuko la namba yenyewe, kisha yanaeleza jinsi jamii za Wahindi wa Afrika Mashariki zilivyogawanyika kiuraia. Baada ya hapo yanachambua fomu za maombi, adhabu ya kukosa namba, na kisa cha mwaka 2023, kabla ya kugeukia mafunzo kwa kanda hii.

2.0 Kutoka daftari la ofisi hadi namba ya kudumu

Sheria ya Kodi ya Mapato ya India ya mwaka 1961 ilirithi utaratibu wa kikoloni wa kumtambua mlipakodi kwa daftari la ofisi. Kila ofisa wa ukadiriaji alikuwa na rejista yake kuu, na kila mlipakodi alipewa namba ya rejista hiyo. Jalada lilipohamia ofisi nyingine, namba ilibadilika. Mfanyabiashara mwenye shughuli katika miji miwili angeweza kuwa na majalada mawili yasiyojuana.

Mwaka 1972 namba ya kudumu ilianzishwa, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1976 ikapewa nguvu kamili ya kisheria chini ya kifungu cha 139A. Huo ulikuwa wakati wa mjadala mkali kuhusu fedha zilizofichwa. Kamati ya Wanchoo, iliyochunguza ukwepaji wa kodi, ilikuwa imekamilisha ripoti yake ya mwisho Desemba 1971, na viwango vya juu vya kodi ya mapato vya miaka hiyo vilizidi asilimia 90. Adui aliyekuwa akitafutwa alikuwa tajiri wa ndani mwenye majina mengi na vitabu viwili vya hesabu. Mhindi wa Nairobi au Dubai hakuwamo katika hesabu hiyo.

Mfumo wa awali ulikuwa bado umetawanyika katika ofisi. Mwaka 1995 ulianzishwa mpangilio mpya unaotumika hadi leo: herufi tano, tarakimu nne, na herufi moja ya mwisho. Herufi ya nne hueleza aina ya mwenye namba. P ni mtu binafsi, C ni kampuni, F ni ubia. Kwa mtu binafsi, herufi ya tano huwa ni ya kwanza katika jina lake la ukoo.

Jambo moja katika mpangilio huo lina uzito mkubwa kwa makala haya. Katika alama hizo kumi hakuna hata moja inayosema mwenye namba anaishi wapi au ni raia wa nchi gani. Kwa upande mmoja uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa ukaazi wa kikodi hubadilika mwaka hadi mwaka, na namba ya kudumu haiwezi kubeba sifa isiyodumu. Kwa upande mwingine, ulihitaji daftari lililo nyuma ya namba litunze sifa hiyo na kuihuisha. Daftari hilo lilitunza zaidi msimbo wa ofisa anayemsimamia mlipakodi. Aliyepata namba akiwa mwanafunzi Pune, kisha akahamia Muscat, aliendelea kusimamiwa na ofisi ya Pune mpaka yeye mwenyewe aombe kuhamishiwa kwa maofisa wa kodi za kimataifa. Wengi hawakujua kwamba ombi hilo lilihitajika.

3.0 Mwaka 1972 upande wa pili wa Bahari ya Hindi

Mwaka uleule namba ilipoanzishwa, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Matukio haya mawili hayakuhusiana kisababu, lakini kuyatazama pamoja kunasaidia kueleza jinsi mwombaji wa PAN wa ughaibuni alivyopatikana.

Ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 uliwaleta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi, na waliobaki ni takriban 6,700. Wafanyabiashara, makarani na mafundi waliofuata, hasa kutoka Gujarat na Punjab, ndio waliojenga jamii kubwa za Kihindi za miji ya Afrika Mashariki. Wakati wa uhuru, Tanganyika, Uganda na Kenya ziliwapa watu wengi wa jamii hizo muda wa miaka miwili wa kuomba uraia. Baadhi waliomba. Wengine walibaki na pasipoti za Uingereza, na wengine wakashikilia uraia wa India. Sheria ya Uingereza ya 1968 iliwafungia mlango wengi wenye pasipoti zake, na miaka minne baadaye tangazo la Kampala likazitawanya familia hizo Uingereza, Kanada, India na kwingineko.

Katiba ya India, katika ibara ya 9, haimtambui kama raia mtu aliyejipatia kwa hiari uraia wa nchi nyingine, na Sheria ya Uraia ya 1955 iliendeleza msimamo huo. Kwa hiyo ukoo mmoja uliweza kuwa na pasipoti tatu au nne, ilhali nyumba ya mababu ilibaki ileile katika Kutch au Saurashtra. Hakuna aliyehitaji kadi ya kodi kwa nyumba isiyouzwa na isiyopangishwa. Haja ilikuja baadaye, pale kizazi cha waliohama kilipofariki na mali ikagawanywa kwa wana.

Wakati huohuo India ilibadili mtazamo wake juu ya watu hao. Akaunti za rupia za wasio wakaazi zilianzishwa mwaka 1970 ili kuvuta fedha zao za kigeni. Mwaka 1998, baada ya majaribio ya nyuklia na vikwazo vilivyofuata, hati fungani zilizouzwa kwa Wahindi wa nje zilikusanya takriban dola za Marekani bilioni 4.2. Kadi ya watu wenye asili ya India ilitangazwa 1999, na hadhi ya Raia wa Ng'ambo wa India, maarufu kwa kifupisho cha OCI, ikaanza kutolewa 2006. Kadi hizo mbili ziliunganishwa Januari 2015. Ikumbukwe kwamba OCI, licha ya jina lake, si uraia kamili: haimpi mwenye nayo haki ya kupiga kura wala pasipoti ya India. Ni hadhi iliyo kati ya mgeni na raia, na fomu za kodi hazikuwa na kisanduku cha hali hiyo ya kati.

4.0 Fomu mbili za maombi

Mwaka 2003 na 2004 kazi ya kupokea maombi ya PAN ilikabidhiwa taasisi mbili za nje ya idara: UTI Investor Services na NSDL. Mwombaji aliye nje hakulazimika tena kumtafuta ofisa wa kodi wa wilaya ya mababu zake. Aliweza kujaza fomu kwa njia ya mtandao, kuchapisha risiti ya maombi, kubandika picha, kutia saini, na kutuma nyaraka kwa posta. Kwa waliotumia NSDL, bahasha hizo zilielekezwa Pune.

Hadi mwaka 2011 fomu ilikuwa moja. Kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo zikawa mbili: Fomu 49A kwa raia wa India, popote walipo, na Fomu 49AA kwa wasio raia, wakiwamo wenye kadi za asili ya India na OCI. Mstari wa mgawanyo ukawa uraia. Lakini wajibu wa kodi, chini ya kifungu cha 6 cha sheria ileile, hufuata ukaazi, ambao kipimo chake kikuu ni kuwapo India kwa siku 182 au zaidi katika mwaka wa kodi, pamoja na vipimo vingine vya nyongeza.

Mfano wa kufikirika unatosha kuonesha athari ya mistari hii miwili. Ndugu watatu waliozaliwa Kampala wanarithi nyumba Jamnagar. Wa kwanza ana pasipoti ya India na anaishi Dar es Salaam. Wa pili ni raia wa Uingereza aliye Leicester. Wa tatu ni raia wa Kenya aliye Mombasa. Wa kwanza hujaza Fomu 49A, wenzake Fomu 49AA. Kwa macho ya sheria ya kodi wote watatu ni wasio wakaazi, na kodi ya nyumba hutozwa kwa msingi uleule. Ikiwa yule wa Leicester atastaafu na kurudi kuishi Jamnagar kwa kadi ya OCI, atakuwa mkaazi kikodi huku akiendelea kuhesabiwa mgeni katika fomu. Fomu ilimpanga mtu kwa sifa ambayo kodi haikuihitaji, na haikumfuatilia kwa sifa ambayo kodi iliihitaji.

Nyaraka za kuthibitisha zilikuwa na ugumu wake. Raia aliye nje angeweza kutumia nakala ya pasipoti na taarifa ya benki ya nchi anakoishi. Kwa asiye raia, baadhi ya vitambulisho vya nchi yake vilihitaji kuthibitishwa kwa muhuri wa Mkataba wa The Hague wa 1961 au na ubalozi wa India. India ilianza kufungwa na mkataba huo mwaka 2005. Katika kanda hii, Burundi ilijiunga na ukaanza kuitumikia 2015, na Rwanda 2024. Hadi mwanzoni mwa 2024 Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwa wanachama, hivyo mwombaji wa Kisumu au Mwanza aliyetakiwa kuthibitisha kitambulisho cha namna hiyo hakuwa na njia nyingine ila ofisi ya kibalozi ya India.

Majina nayo yalileta mkwamo. Fomu ilikataza vifupisho katika jina la kwanza na la ukoo, ilhali Watamili wengi kwa desturi hutanguliza herufi ya jina la baba au ya kijiji badala ya jina la ukoo. Jina la baba lilikuwa la lazima hata kwa mwanamke aliyeolewa. Ni Desemba 2018 tu ambapo mtu aliyelelewa na mama peke yake aliruhusiwa kutolitaja. Jina lililoandikwa namna moja katika pasipoti ya Kenya na namna nyingine katika hati ya nyumba ya Gujarat lingeweza kumrudisha mwombaji mwanzo.

Gharama zilitofautiana pia. Kadi iliyopelekwa kwenye anwani ya India ilifikia rupia 107, na ile iliyopelekwa nje rupia 1,017. Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa gharama ya usafirishaji. Tofauti iliyokuja 2020 ilikuwa ya aina nyingine. Mei mwaka huo serikali ilizindua utoaji wa PAN ya kielektroniki papo kwa hapo, bila malipo na ndani ya dakika chache, kwa mwenye namba ya utambulisho ya Aadhaar iliyounganishwa na simu yake. Aliye nje asiye na Aadhaar alibaki na bahasha yake ya Pune.

5.0 Gharama ya kukosa namba

Kwa nini mtu aliye mbali ajisumbue? Jibu liko katika kupanuka kwa matumizi ya namba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kanuni zilidai PAN katika miamala mikubwa iliyoorodheshwa, ukiwamo ununuzi na uuzaji wa majengo na ardhi. Julai 2007 mdhibiti wa masoko ya mitaji, SEBI, aliifanya kuwa kitambulisho pekee cha washiriki wa soko la hisa. Kisha kifungu cha 206AA, kilichoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010, kikaweka adhabu: anayepokea malipo yenye kodi ya zuio bila kutoa PAN hukatwa asilimia 20, au kiwango cha kawaida kama ni kikubwa zaidi.

Kwa asiye mkaazi, kifungu hicho kiligongana na mikataba ya kuepuka utozaji kodi mara mbili. India ina mikataba hiyo na Tanzania, Kenya na Uganda. Ule wa Tanzania ulifanywa upya 2011 na wa Kenya 2016. Mikataba huweka viwango nafuu kwa riba na mapato mengine. Je, kukosa kadi ya ndani kunaweza kumnyima mtu nafuu aliyopewa na mkataba baina ya dola mbili? Mwaka 2015 Baraza la Rufaa la Kodi ya Mapato la Pune, katika shauri lililohusu Serum Institute of India, lilishikilia kuwa kiwango cha mkataba ndicho kinachotawala. Juni 2016 Kanuni ya 37BC ikafuata. Kwa malipo ya riba, mirabaha, ada za huduma za kiufundi na mauzo ya rasilimali za mtaji, asiye mkaazi aliruhusiwa kukwepa adhabu hiyo kwa kutoa taarifa zake pamoja na namba ya mlipakodi ya nchi anakoishi.

Kanuni hii ni miongoni mwa hatua za busara zaidi katika historia hii yote. Kwa mara ya kwanza namba ya Nairobi au Dar es Salaam ilikubaliwa kusimama mahali pa namba ya India kwa kazi mahususi. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na mipaka. Mrithi anayeuza nyumba angali alihitaji PAN ili kuwasilisha ritani, kuomba cheti cha kupunguziwa zuio, na kudai marejesho. Bila cheti hicho, mnunuzi mwenye hadhari hukata kodi kwa kutazama bei nzima ya nyumba, wala si faida tu. Fedha iliyokatwa hivyo hubaki hazina mpaka mwenye namba aidai.

6.0 Aadhaar na kisa cha Julai 2023

Mwaka 2017 kifungu cha 139AA kililazimisha kila anayestahili Aadhaar kuiunganisha na PAN yake. Aadhaar ilitungwa kwa ajili ya wakaazi, si raia: aliyeistahili ni aliyekuwa India kwa siku 182 katika miezi 12 iliyotangulia. Serikali iliona tatizo mapema. Kwa tangazo la tarehe 11 Mei 2017 iliwasamehe, miongoni mwa wengine, watu wawili ambao makala haya yamekuwa yakiwatenganisha: asiye mkaazi kwa maana ya sheria ya kodi, na asiye raia wa India. Mahakama ya Juu ilikikubali kifungu hicho, kwanza kwa mipaka katika shauri la Binoy Viswam Juni 2017, kisha katika hukumu kubwa ya Aadhaar ya Septemba 2018. Kuanzia 2019 wenye pasipoti za India wanaoishi nje waliruhusiwa kuomba Aadhaar wanapofika nyumbani bila kungoja siku 182.

Kwa maandishi, basi, maswali yote mawili yalikuwa yamejibiwa sawasawa. Kasoro ilikuwa katika daftari. Baada ya kuahirishwa mara kadhaa, muda wa mwisho ulifika tarehe 30 Juni 2023. Kesho yake namba zisizounganishwa zikasimama kufanya kazi. Wahindi wengi wa nje, waliosamehewa kisheria, walikuta namba zao nazo zimesimama. Julai hiyo Idara ya Kodi ya Mapato ilieleza kigezo ilichotumia: ilimtambua kuwa asiye mkaazi yule tu aliyewasilisha ritani katika mwaka wowote kati ya miaka mitatu ya ukadiriaji iliyotangulia, au aliyemjulisha ofisa wake wa kodi. Wengine walitakiwa kupeleka vielelezo kwa ofisa huyo ili hali yao irekebishwe.

Kigezo hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Asiye mkaazi ambaye mapato yake ya India ni madogo hawajibiki kuwasilisha ritani. Kwa hiyo aliyeangukiwa na mzigo hakuwa mkwepaji, bali mtu asiye na deni: mjane wa Muscat mwenye amana ndogo, kijana wa Nairobi mwenye hisa chache alizoachiwa na mama. Ukimya wake, ambao sheria iliuruhusu, ulichukuliwa na mfumo kama ushahidi kwamba yuko India na amekaidi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo; hapa methali hiyo ilitimizwa na kompyuta. Zaidi ya hayo, ofisa aliyepaswa kujulishwa mara nyingi alikuwa yule wa mji ambao mtu aliuhama miaka mingi nyuma.

Athari zilikuwa za fedha. Namba iliyosimama haikumzuia mtu kuwasilisha ritani, lakini marejesho ya kodi hayakulipwa, riba ya kipindi hicho haikuhesabiwa, na zuio lilikatwa kwa kiwango cha adhabu. Kwa mtu wa ndani, dawa ilikuwa kulipa rupia 1,000 na kuunganisha. Kwa asiye na Aadhaar dawa hiyo haikuwapo. Mapema 2024 serikali iliieleza Lok Sabha kuwa takriban namba milioni 114.8 zilikuwa hazijaunganishwa, bila kuhesabu zilizosamehewa. Katika bahari ya idadi hiyo, kilio cha watu wa nje kilikuwa kidogo kwa hesabu, ingawa ndicho kilichofichua udhaifu wa msingi.

7.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Nchi za kanda hii zinaelekea njia ileile. Kenya hudai namba ya mlipakodi katika usajili wa hatimiliki na ufunguaji wa akaunti za benki, na tangu Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania, isiyoruhusu uraia pacha kwa watu wazima, imeingiza katika sheria zake hadhi maalumu kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania. Kila nchi inataka fedha za watu wake walio ng'ambo, na kila nchi inaunganisha madaftari yake ya utambulisho. Mambo matatu yanajitokeza katika uzoefu wa India.

Kwanza, namba idumu, lakini hali ya mwenye namba iandikwe pembeni yake kama taarifa yenye tarehe. Uraia na ukaazi viwe visanduku viwili tofauti, na mwenye hadhi maalumu awe na kisanduku chake tangu siku ya kwanza. Kurekebisha daftari kabla ya kuunganisha mifumo ni rahisi kuliko kuwarudishia watu haki zao baada ya mfumo kuwasimamisha.

Pili, ukimya usigeuzwe ushahidi. Pale sheria inapomruhusu mtu kutowasilisha ritani, mfumo usimhukumu kwa kutoiwasilisha. Notisi imfikie kwanza kwenye anwani aliyonayo sasa, na pawepo njia ya kujieleza kupitia ubalozi kabla ya namba kusimamishwa. Kwa India, mabalozi walihusika kuthibitisha nyaraka za kuingia katika daftari, lakini marekebisho ya hali yalirudishwa kwa ofisa wa wilaya. Mlango wa kuingilia na wa kurekebishia ungefaa uwe mmoja.

Tatu, kutambuana kwa namba kunawezekana. Kanuni ya 37BC inaonesha kwamba dola kubwa yenye tahadhari kubwa ya kodi inaweza kukubali namba ya nchi nyingine kwa malipo mahususi bila kupoteza udhibiti. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo Itifaki yao ya Soko la Pamoja ya 2010 inawapa watu haki ya kuhama kufanya kazi, zina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo baina yao. Mkulima wa Ngara anayerithi kibanda Muyinga asingelazimika kuwa mlipakodi mpya wa Burundi ili apokee pango la miezi michache.

8.0 Hitimisho

Novemba 2024 baraza la mawaziri la India liliidhinisha mradi wa kuujenga upya mfumo wa PAN kwa rupia bilioni 14.35, na Sheria mpya ya Kodi ya Mapato ya 2025 ikapangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2026. Fomu na vifungu vilivyojadiliwa hapa vitabadilika namba na sura. Swali litakalopima mageuzi hayo halitabadilika: je, daftari jipya litajua tofauti kati ya mtu aliyekaidi na mtu aliyehama?

Namba iliyozaliwa 1972 kumsaka tajiri wa ndani imekuwa, kwa mamilioni walio nje, hati inayothibitisha kwamba wangali na kitu chao nyumbani. Historia yake inaonesha kwamba sheria nzuri inaweza kushindwa katika safu moja ya daftari ambayo haikujazwa. Wanaotunga mifumo ya aina hiyo Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali na Gitega wana nafasi ya kuijaza safu hiyo mapema, kabla mjane wa kwanza hajaambiwa kwamba namba yake imesimama.